Taarifa ya Kijiji cha Ipeluka

Fomu yenu imeacha mistari mitatu
kwa jiografia, historia na nyumba za ibada.
Ni Juni, Mheshimiwa. Wino umegoma,
na asubuhi hii maji ya kuku yalikuwa kioo.
Naandika nyuma ya karatasi.

Kijiji kiko mgongoni mwa mlima
kama mtoto aliyefungwa mbeleko kwa haraka:
mvua ikizidi, tunateleza kidogo.
Juu yetu ni misindano ya watu wa Makambako,
chini ni korongo. Ukiangusha kiazi
kinafika kwa shemeji yako kabla ya salamu.
Ukungu huingia saa tisa bila hodi,
hukaa jikoni, huota moto, haulipi kodi.
Mpaka wa kusini ni jiwe la Chaula,
kisha mto, kisha ugomvi
ambao wenyewe wamekufa na haujaisha.

Historia inategemea umemuuliza nani.
Wanaume walishuka Chunya kufuata dhahabu,
wakarudi na blanketi na kikohozi.
Sabini na nne tuliambiwa tusogee barabarani.
Tukasogea.
Barabara yenyewe ilichelewa miaka kumi na tisa.
Pareto ililipa, ikaacha kulipa.
Halafu ikaja ile miaka.

Fomu haina nafasi ya ile miaka.
Seremala Luvanda aliishiwa mbao,
aling'oa mlango wake mwenyewe
akampimia binti yake Fredina.
Nyumba ile ina pazia hadi leo,
na hakuna aliyewahi kumwuliza
lini ataweka mlango.

Nyumba za ibada ni mbili.
Juu, Walutheri: matofali ya kuchoma,
mnara mfupi, kwa sababu mchango wa saruji
uligeuzwa nauli za kwenda hospitali ya Ikonda.
Kengele yao ilivuka bahari na wamisionari, ina ufa,
hulia kama sufuria iliyomponyoka mwenye mawazo.
Chini, Wakatoliki: bati, madirisha ya buluu,
padri mara moja kwa mwezi, pikipiki ikikubali.
Kengele hawana. Wana rimu
ya lori la mbao lililotumbukia korongoni.
Dereva tulimzika sisi; kwao hatukupajua.
Kila Jumapili mtoto huigonga kwa nondo,
na mimi hujiuliza
kama anatuita sisi au anamwita yeye.

Zamani zilishindana, hizo mbili,
nani ataamsha nani kwanza.
Ile miaka, mzee wa kanisa Tweve
alimshukia katekista Mbilinyi, viatu mkononi, tope magotini,
wakapatana: msiba wowote, zilie zote.
Zikalia.
Agosti moja zililia hadi ng'ombe wakakataa kukamuliwa,
hadi watoto wakaingiza mlio ule
katika mchezo wao wa kuruka kamba.
Ndipo Tweve akashuka tena.
Hawakusema mengi. Kamba ikafungwa juu ya boriti,
nondo ikafichwa nyuma ya altare.
Miaka miwili tulizikana kimyakimya,
habari ikipelekwa na mtoto, mlango kwa mlango,
kwa Luvanda, pazia kwa pazia.

Kengele ya kwanza kulia tena
ilikuwa ya mwizi wa nguruwe.
Usiku, baridi ya kung'ata meno.
Mtu alivuta kamba ya juu, mwingine akajibu kwa rimu,
tukatoka wote na marungu na vibatari.
Pale njia panda tukasimama.
Hakuna aliyekimbia.
Tulisikiliza tu,
ule ufa, na ile rimu ikiufuata nyuma
kama mtu mwenye mguu mbovu.
Mwizi alifika salama alikokuwa akienda.
Nguruwe alikuwa wangu, na sijamdai mtu.

Mlitaka pia idadi ya wakazi.
Hiyo nimeijaza kwa penseli.
Muhuri wa ofisi ulikuwa umekauka;
nimeupulizia pumzi mara tatu,
ukakubali.